Likizo ni ya Mtu, Sikukuu ni ya Watu

Jioni ya mwezi 29 Ramadhani, Jumapili ya Machi 30 mwaka huu wa 2025, nyumbani kwa mama yangu Wete, Pemba, tulikuwa hatujui kesho yetu. Uwani ngano ya bokoboko ilikuwa imesharowekwa, nyama imeoshwa, vitunguu vimekatwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi ya kwanza mkononi, haikuni wala haiweki chini. "Mwezi ukiandama tunapika," alisema. "Usipoandama, hii ni futari ya kesho." Barazani wanaume walikuwa wameizunguka redio, na watoto wametumwa wakaangalie upande wa magharibi kama mawingu yameachia.

Kwa jirani yetu, ambaye tumetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, Idi ilikuwa imeshaswaliwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Wao hufuata mwezi ulioonekana popote duniani. Sisi husubiri uonekane kwetu na Mufti atangaze. Wapemba wote wanalijua jambo hili, na limewahi kuwatia watu maneno mazito. Lakini mwaka huu niliona kitu ambacho sikuwahi kukizingatia nilipokuwa mdogo. Kutwa nzima nyumba ile haikutoa kelele ya sikukuu. Watoto wao walivaa nguo mpya, wakapelekwa kwa babu yao, na harufu ya pilau ilitulia ndani. Karibu na magharibi binti yao alitoka na sinia lililofunikwa kawa, akakaa nalo kizingitini kwao. Adhana ilipomalizika ndipo akavuka. "Mama anakusalimuni," alisema, "anasema futuruni kwa hili la Idi yetu, na nyinyi mtatuletea la yenu."

Baada ya isha tangazo likaja. Mwezi umeandama. Mama akaanza kukuna nazi.

Nilikaa Wete karibu siku thelathini, tangu kumi la mwisho la Ramadhani mpaka mwezi ishirini wa Mfunguo Mosi, na tangu nirudi mjini Unguja nimekuwa nikilitafuta jibu la jambo moja. Mwaka 2023 nilichukua likizo mwezi wa Oktoba nikaenda pale pale: nyumba ile ile, kitanda kile kile, upepo ule ule. Nilichoka kwa kazi, nikataka kupumzika. Siku ya kwanza nililala mpaka adhuhuri. Siku ya pili nikaamka, nikapika chai, nikainywa peke yangu, kwa sababu dada yangu alikuwa skuli akifundisha, mama kaenda shamba, jirani kafunga mlango, watoto hawapo. Siku ya tano nilimfuata dada skuli kwake, nikamsahihishia madaftari ili nipate wa kuzungumza naye. Nilirudi Unguja siku tatu kabla likizo haijaisha. Mwaka huu, kwenye nyumba iliyojaa watu, kazi nyingi na usingizi mdogo, nimerudi mjini mwili mwepesi.

Nimefika kuamini kwamba mapumziko tunayoyasifu visiwani, yale ya kukaa barazani bila ya haraka, hayatokani na tabia ya watu wala na bahari. Yanatokana na makubaliano. Mwajiri anaweza kunipa siku 28 za kukaa nyumbani, lakini hawezi kunipa dada yangu, binamu zangu, shangazi wa baba yangu na jirani, wote wakiwa hawana pa kukimbilia saa ile ile. Hilo hutolewa na sikukuu peke yake, kwa sababu sikukuu humsimamisha kila mtu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana likizo ni ya mtu, na sikukuu ni ya watu.

Hata namna tunavyouita mwezi wenyewe inalionyesha hilo. Waarabu wanasema Shawwal. Sisi tunasema Mfunguo Mosi, mwezi wa kwanza tangu watu wafungue, kisha Mfunguo Pili, Tatu, mpaka Tisa. Halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Yaani wazee wetu waliukata mwaka pale watu walipomaliza kujizuia pamoja, wakaanza kuhesabu kutoka hapo. Maulidi tukiyataja husema Mfunguo Sita, na hata asiyefikiri juu yake huwa ameshahesabu miezi sita tangu siku ile aliyokula mchana pamoja na wenzake.

Wenzetu wa Makunduchi, kusini ya Unguja, wana Mwaka Kogwa wao unaofuata hesabu ya jua, na kwa hiyo umri wetu wote tumeukuta mwezi wa Julai. Sikukuu zetu za mwezi hazikai mahali pamoja. Kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja, na baada ya miaka kama thelathini na tatu huwa zimeyapitia majira yote, kaskazi, masika, kusi na vuli. Mtu akijaaliwa umri mrefu huila Idi ya kila msimu mara mbili.

Mimi naikumbuka Idi ya msimu wa karafuu. Kuanzia mwaka 2010 mpaka 2016 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia kati ya Julai na Septemba, ikirudi nyuma mwaka hadi mwaka, na miezi hiyo ndiyo ya mavuno Pemba. Ukiwa mwaka wa karafuu nyingi, fedha zilikuwepo. Watoto walishonewa nguo jozi mbili, na mafundi cherehani walikuwa hawalali. Lakini karafuu mbichi haingoji mtu. Ikishachumwa lazima ichambuliwe usiku ule ule, vikonyo huku karafuu huku, na asubuhi ianikwe. Nakumbuka Idi ya Agosti 2013: tumeshaswali, tumeshakula, na mama yangu akiwa na hina mkononi anakimbilia majamvini kwa sababu wingu limejikusanya. Wageni walikuja, wakasalimia wakiwa wamesimama, wakaondoka, kwani nao walikuwa na majamvi yao. Tulikuwa na fedha, hatukuwa na wakati.

Mwaka huu mambo yalikuwa kinyume. Mwisho wa Machi mikarafuu imesimama tu, masika yanaingia, mkononi hamna kitu. Nyama ilinunuliwa kwa kuchangiana, nguo za watoto zilitoka Unguja na Dar es Salaam kwa ndugu wenye mishahara, na mama alishona upya dera la mwaka juzi. Na watu walikuwepo. Walikaa. Sitamani umasikini wa mtu yeyote, wala sisemi kwamba ukosefu ni neema. Nasema tu kwamba nimeishi Idi za namna zote mbili, na ile niliyorudi nayo moyoni ni ya watu waliokaa.

Sasa nirudi uwani, maana utulivu wa sikukuu hupikwa kule.

Kumi la mwisho la Ramadhani ni kipindi cha kazi kuliko kipindi chochote cha mwaka wetu. Baada ya alasiri kila nyumba ina moto. Muhogo wa nazi, majimbi, kunde, uji wa pilipili manga, sambusa, mkate wa kumimina uliotiwa moto juu na chini. Na kabla ya magharibi watoto wa kike wanaanza kupita njiani na mabakuli: la kwetu linakwenda kwa jirani wa kushoto, la jirani wa kulia linakuja kwetu. Bakuli halirudi tupu. Huo ndio msingi wake wote, na hakuna aliyeuandika. Ukipelekewa tambi leo, kesho bakuli lile litarudi na vitumbua, na kama huna vitumbua litarudi na ndizi mbivu mbili. Niliwahi kudhani ni adabu tu. Mwaka huu nilihesabu: jioni moja mabakuli sita yalitoka nyumbani kwetu na mabakuli saba yakaingia. Kwa hesabu ya chakula hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Kilichopatikana ni kwamba milango kumi na mitatu ilifunguliwa, na watu kumi na watatu waliulizwa hali zao, akiwemo bibi mmoja aliyekuwa na homa na hakuna aliyejua mpaka bakuli lilipofika.

Usiku wa kuamkia Idi sisi wanawake wanne tulipanda vitandani saa nane za usiku, na saa kumi na nusu tulikuwa tumeshaamka. Bokoboko linataka mtu. Ngano na nyama huchemka pamoja mpaka zilainike, kisha hupigwa kwa mwiko, na hupigwa, na hupigwa, mpaka nyama isionekane tena na uji uvutike kama mpira. Ukiacha kidogo linashika chini. Mkono wa mama umeshachoka sasa, kwa hiyo tulipokezana. Tulipomaliza tukaligawa kwenye mabakuli, tukalitia samli na kitunguu cha kukaanga, la kwanza likaenda ng'ambo ya ukuta, kwa wale ambao Idi yao ilikuwa jana. Kisha tukawaogesha watoto, tukapasha makaa ya chetezo, tukafukiza nguo udi. Wanaume waliporudi kutoka swala na makaburini walikuta busati limetandikwa, chai imekwiva, mikate imekatwa. Walikaa. Mmoja wao, ami yangu, ambaye nampenda sana, akapumua akasema, "Alhamdulillahi, raha ya Pemba hii, mambo pole pole."

Mama yangu alikuwa anapita na birika. Hakugomba. Alisema, "Nyie mnaona mtu kakaa kitako. Hamwoni nani kamtandikia jamvi."

Ami alinyamaza, kisha akasema, "Kweli, shemegi." Na jambo lililonifurahisha ni lile lililofuata. Jioni yake aliwaita wanawe wawili, vijana wa miaka ishirini na kitu, akawapeleka uwani. Walipewa nazi kumi na mbili na mbuzi mbili. Mwanzoni walicheka, wakakuna vibaya, wakatia na kifuu. Siku ya tatu walikuwa wanakuna vizuri kuliko mimi. Sisemi mambo yamebadilika, kwa sababu nazi si sufuria na siku tatu si mwaka. Lakini Pemba wanaume wanajua kupika: wapishi wa halua kwetu ni wanaume, na halua haina mchezo, ni wanga na sukari na samli ndani ya sufuria kubwa la shaba, mtu akisimama juu ya moto saa kadhaa akikoroga asipumzike mpaka ikaze na harufu ya iliki na kungumanga itoke. Anayeweza kuikoroga halua ya Wete anaweza kulipiga bokoboko.

Nimelikazania hili kwa sababu siku hizi kila mtu anausifu mwendo wa taratibu wa visiwani, na sisi wenyewe tunausifu, kana kwamba ni hewa tu mtu anavuta. Kuna anayeubeba, na akichoka huanguka. Mama akiugua, bokoboko halipo, mabakuli hayatoki, wageni wanapungua, na ndani ya Idi mbili tatu nyumba inakuwa ya kutumiana ujumbe wa simu. Nimeziona nyumba za namna hiyo pale Wete, na zamani nilikula ndani yake.

Sikukuu kwetu ni siku nne. Sikukuu mosi ni ya swala, makaburi na watu wa nyumba. Kabla ya swala zaka ya fitri huwa imeshatoka, pishi ya mchele kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga, ili asiwepo wa kukosa cha kupika siku ile. Watoto hupita kudai mkono wa Idi, mia tano hapa, elfu moja pale, na alasiri gari za Chake Chake zinajaa vichwa vidogo vyenye mafuta, vinaelekea viwanja vya Tibirinzi kupanda bembea na kula malai. Hayo hayahitaji maelezo, kila mmoja wetu anazo siku zake nne za utotoni na anajua alipopoteza kiatu.

Ninayotaka kuyaeleza ni ya sikukuu pili na tatu, siku za kutembeleana. Mwaka huu tulikwenda nyumba kumi na tisa. Ukifika unavua viatu, unapewa mkono, unakaa, unaletewa sharubati ya ukwaju, vileja na visheti. Watu wanaulizana hali, kisha wanaulizana tena kwa maneno mengine. Halafu kunakuja kimya. Mjini kimya kile kingenitia wasiwasi, ningetafuta la kusema au ningetoa simu. Kule kinapita kama mtu aliyekuja kuketi nasi. Mtu anaweka sawa kanga yake, mwengine anamtazama kuku aliyeingia mlangoni, mtoto analala begani. Baadaye mtu anasema jambo, na mara nyingi ndilo jambo lenyewe. Katika nyumba ya saba, baada ya kimya kirefu, mama mdogo alisema kwamba anaanza kutoona vizuri. Alikuwa hajamwambia mtu. Kwa simu tulikuwa tunazungumza kila Ijumaa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi wa baba, ambaye umri wake hatuujui ila kwa kuhesabu wajukuu. Alinishika mkono hakuuachia. Aliniuliza majina ya wanangu, nikamwambia; akayarudia, akayafunga kwenye nasaba, fulani kachukua jina la fulani, aliyezikwa pale, aliyemuoa fulani wa Mtambwe. Ilichukua saa nzima na zaidi. Mwanangu mkubwa, wa miaka tisa, alisikiliza mdomo wazi. Usiku wake aliniuliza, "Mama, kwa hivyo mimi nilikuwepo zamani?" Nilimwambia jina lake lilikuwepo.

Ukiuliza saa ile ilipatikana wapi, jibu ni kwamba ilipatikana kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Skuli zimefungwa, ofisi zimefungwa, soko limelala, wavuvi wa Kojani waliokuwa dago, kambi za uvuvi za mbali, wamerudi na vyombo vyao viko juu mchangani. Mtu mmoja tu akiwa na haraka, kikao kinaharibika, kwani wengine nao huanza kutazama saa.

Baada ya siku nne watu wengi waliondoka, nami nikabaki. Mwezi wenyewe ndipo ulipotulia. Mama alifunga sita yake, zile siku sita za sunna za Mfunguo Mosi, na dada akaifunga pamoja naye. Masika yakashuka. Nilikaa naye ukumbini, mvua ikipiga bati, akinifundisha tena kusuka ukili, kwa kuwa mkono wangu umesahau. Tulikwenda harusi mbili, maana Mfunguo Mosi ukishatulia watu huozesha. Jioni mvua ikipumzika, wanaume walirudi barazani na kahawa chungu na kashata, na sauti za bao zikasikika mpaka isha. Sina mengi ya kusimulia kuhusu siku zile na sitaki kuyatafuta. Zilipita zikinishibisha.

Lakini watu wote kusimama kwa wakati mmoja kuna gharama, na nyingine ni nzito. Wote wakisimama pamoja, wote husafiri pamoja. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Katika mtaa wetu kuna nyumba ambazo hazijawahi tena kupika bokoboko. Tangu hapo boti zimekuwa bora na ukaguzi umekazwa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo kila nikisimama bandarini siku ya kurudi, nikiwaona watu na vikapu na watoto na mifuko ya mchele wanavyosukumana, moyo wangu unakwenda kule. Siku za sikukuu zinajulikana mwaka mzima kabla. Safari za nyongeza zipangwe mapema, tiketi zikiisha zimeisha, na sisi abiria tukubali kuondoka kesho. Mwezi ni mrefu. Anayeheshimu taratibu za barazani aziheshimu na gatini.

Na wapo ambao hawakufika kabisa. Mtoto wa mama mdogo anafanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja. Alipiga simu sikukuu mosi saa nne za usiku, akiwa nyuma ya jiko. "Dada," aliniambia, "tangu alfajiri sijakaa kitako. Nimekula bokoboko la kwenye kopo alilonipa mwenzangu." Kisha akaomba kuzungumza na mama yake, na mama yake akatoka nje na simu, mvuani.

Kijana huyu halalamiki juu ya kazi. Inamlipa, na fedha yake ndiyo iliyonunua nyama tuliyokula. Lakini tuiangalie kalenda kwa makini. Mwaka 2024 watalii waliofika Zanzibar walizidi 700,000, na wengi wao hupenda kuja katika kaskazi, Disemba mpaka Machi, na tena katika kusi. Miezi ya mvua, Aprili na Mei, ndiyo hoteli hupumua. Idi yetu imeshaitoka Aprili. Mwakani itakuwa karibu na Machi 20, kisha itaendelea kurudi nyuma, Februari, Januari. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili ndani ya mwaka mmoja wa kizungu, Januari na Disemba. Mwaka 2033, kwa hesabu, Idi itakuwa mbili: moja mwanzoni mwa Januari, nyengine kwenye Disemba 23 au karibu yake, Krismasi ikiwa mlangoni.

Maana yake ni kwamba kwa miaka kumi ijayo sikukuu yetu itakaa ndani ya msimu mkubwa wa wageni. Zamani iligongana na karafuu, sasa itagongana na vitanda vya hoteli, na tofauti ni kubwa: karafuu ilituweka majamvini lakini ilituweka nyumbani. Hoteli inamweka kijana Nungwi au Paje, na baina yake na mama yake kuna bahari. Siku hizi Waislamu na Wakristo wanaofanya kazi pamoja huko hushikiana zamu, huyu akimfunika yule Idi, yule akifunikwa Krismasi. Ni ujirani mwema, mabakuli yale yale kwa sura nyengine. Sikukuu mbili zikikutana wiki moja, wote wawili watataka kwenda kwao, na hakutakuwa na wa kumshikia mwenzake.

Naona yafaa tulizungumze sasa, miaka minane kabla. Hoteli zipange orodha ya sikukuu mwanzo wa mwaka, mtu aliyekosa Idi hii asikose ijayo. Anayekosa siku nne apewe siku nne zile zile pamoja na ndugu zake waliozikosa, ndani ya Mfunguo Mosi, kabla mwezi haujaisha. Na sisi wa nyumbani tumngojee. Hili la mwisho linatuhusu sisi. Mwaka huu tungeweza kuliweka sinia moja mpaka sikukuu ya kumi, alipopata ruhusa ya siku mbili. Alikuja akakuta wageni wameshaondoka, busati limekunjwa. Alikula wali wa kawaida, akalala, akaondoka. Jirani yetu, ambaye mwezi wake si wetu, alimzuia binti yake kizingitini mpaka adhana yetu ilipotoka. Sisi tulishindwa kumngojea mtoto wetu.

Ofisini nimeshajaza fomu ya likizo ya mwakani, kuanzia Machi 10, ambayo kwa hesabu ni kumi la mwisho. Pale pa tarehe ya kurudi nimepaacha wazi, na mkuu wangu aliponiuliza nilimwambia mwezi haujaandama; akatabasamu, akaniambia nilete baadaye. Tarehe zile zile nimemtumia yule kijana. Nimemwambia aje siku yoyote kati ya hizo, hata iwe ya ishirini na tano, ngano itakuwa imerowekwa na atakayepiga mwiko ni mimi na wale wana wawili wa ami. Amejibu kwamba atazungumza na msimamizi wake masika yakimalizika. Nangoja simu yake.